Sweta ya Mume Kati ya Nakuru na Kisumu: Mwongozo Kamili wa Kufuma Ukiwa Safarini

Mwongozo huu umekusudiwa mtu mwenye nyumba Nakuru na mwenzi anayefanya kazi Kisumu, au kinyume chake, ambaye kila baada ya majuma mawili hivi hupanda matatu, huketi kwa takribani saa nne, na hushuka akiwa hajafanya lolote ila kutazama malori ya Salgaa. Saa hizo zinatosha kufuma sweta. Nitaeleza sweta moja tu, ile isiyo na mikono, yenye shingo ya pembe, ambayo wanaume wetu huvaa chini ya koti wakienda kanisani au kazini katika baridi ya Julai. Nimeichagua kwa sababu vipande vyake ni viwili, mgongo na mbele, na kila kimoja huingia katika mkoba wa mkononi. Nitazungumza kana kwamba mke ndiye mfumaji, lakini mume anayefuma ataufuata mwongozo huu bila kubadilisha kitu isipokuwa vipimo. Nachukulia pia kwamba msomaji anajua kuanzisha vitanzi, kuvifuma na kuvifunga. Asiyejua na ajifunze kwanza kwa kitambaa cha sahani, si kwa sweta.

Kazi hii ina nyakati tatu, na ni vyema kuzitenganisha tangu mwanzo. Kuna wakati wa kuwa nyumbani peke yako, wakati wa kuwa njiani, na wakati wa kuwa pamoja na mwenzi wako. Sweta nyingi za safarini huharibika kwa sababu mtu amefanya njiani kazi ya kuhesabu iliyofaa kufanywa mezani, au amefanya peke yake kazi iliyohitaji mwili wa mwenzake. Kila hatua hapa chini nimeiweka katika wakati wake.

Hatua ya kwanza: kupima, mkiwa pamoja

Usichukue vipimo kwa shati lake lililobaki kabatini Nakuru. Mtu anayeishi mbali na nyumbani hubadilika mwili bila mwenzi wake kujua. Huyu amenenepa kwa samaki na ugali wa jioni, yule amekonda kwa kujipikia. Mpime mwenyewe, akiwa amevaa shati la kawaida, kwa futi ya fundi cherehani, si kwa kamba.

Vipimo vinavyohitajika ni vinne. Cha kwanza ni mzunguko wa kifua, futi ikipita chini ya makwapa. Cha pili ni urefu kutoka bega hadi pale anapotaka sweta iishie, ambapo kwa kawaida ni chini kidogo ya mshipi. Cha tatu ni kina cha kwapa, yaani kutoka juu ya bega kushuka wima hadi usawa wa kwapa, ukiongeza sentimita tatu ili shati lisibanwe. Cha nne ni upana wa mgongo kutoka mfupa wa bega moja hadi wa pili, ukipunguza sentimita nne au tano, kwa kuwa ukingo wa kwapa utafumwa baadaye na kurudisha sehemu ya upana huo.

Kifua ndicho kipimo chenye siasa.

"Baba watoto, usivute tumbo ndani."

"Sivuti, mama. Ndivyo lilivyo."

Anavuta. Mwache azungumze habari za kazini huku futi ikiwa mwilini, na baada ya dakika moja tumbo litarudi mahali pake. Hapo ndipo usome namba. Kama tumbo limezidi kifua, pima tumbo na ulitumie hilo, wala usimtangazie.

Siku hiyohiyo kubalianeni mambo mawili mengine. La kwanza ni rangi. Mwonyeshe nyuzi zenyewe mchana, nje ya duka, kwa kuwa kijivu cha ndani ya duka na kijivu cha jua la Nakuru ni rangi mbili tofauti. La pili ni pesa. Uzi wa sweta hununuliwa wote kwa pamoja, na kuchomoa kiasi hicho kwenye bajeti ya mwezi bila kushauriana huleta maneno ambayo sweta haiwezi kuyafunika.

Hatua ya pili: uzi

Kwa mwanamume mwenye kifua cha sentimita 100, nunua gramu 350 za uzi wa unene wa kati, ule ambao karatasi yake inapendekeza sindano za milimita 4. Gramu 300 zinaweza kutosha, lakini uzi ukiisha ukiwa umebakiza shingo, utarudi dukani ukute rangi ileile ikiwa imepauka kidogo au imekolea kidogo. Karatasi ya kila donge ina namba ya rangi na namba ya bechi, yaani ya uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Madonge yote yawe na namba zote mbili sawasawa. Muuzaji atakuambia hakuna tofauti. Ipo, nayo huonekana katikati ya mgongo.

Sehemu kubwa ya uzi unaouzwa madukani ni akriliki. Hauna makosa: ni wa bei nafuu, haudhuriwi na nondo, na mume anayejifulia mwenyewe Kisumu hawezi kuuharibu kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba huchukia pasi ya moto, na katika joto la kando ya ziwa hunata kwenye vidole vyenye jasho. Sufu halisi ni ya joto zaidi na huvutika vizuri zaidi, na nyanda za juu za Molo zimefuga kondoo wa sufu kwa miaka mingi, wakiwemo wa aina ya Corriedale. Ukipata sufu iliyosokotwa kwa mkono, ichukue kwa furaha, lakini uikague kwa urefu wa mita kadhaa, kwani ikiwa nene hapa na nyembamba pale, hesabu za mwongozo huu hazitashika.

Njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote kwa mtu mwenye subira, ni kufumua sweta ya mitumba. Soko la Kibuye mjini Kisumu lina sweta kubwa za wanaume zenye uzi mzuri kuliko mwingi wa dukani. Geuza sweta ndani nje kabla ya kulipa. Ukiona mshono wa ubavuni una ukingo mzima wa vitanzi pande zote mbili, sweta hiyo ilifumwa kwa umbo lake na itafumuka uzi mrefu bila kukatika. Ukiona mshono umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa oveloki, iache. Utapata vipande vifupi, kila kimoja na urefu wa safu moja. Iache vilevile iliyogandamana kwa kufuliwa na maji ya moto, hata kama rangi yake inakuita.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, ufunge mahali panne kwa uzi mwingine, uloweke katika maji vuguvugu, kisha uutundike ukauke, mawimbi yatanyooka. Baada ya hapo unahitaji mikono miwili ya kushikilia kitita wakati wewe unazungusha donge, na hapa mume ana faida. Mketishe mbele ya habari za saa moja jioni, umvalishe kitita kwenye mikono yote miwili, nawe uzungushe. Hataweza kushika simu. Ni mojawapo ya nafasi chache ambazo mtasikiliza habari pamoja hadi mwisho, na mengi yasiyozungumzwa kwa simu katikati ya juma huzungumzwa hapo.

Hatua ya tatu: sindano na mkoba

Sindano ndefu zilizonyooka hazifai ndani ya matatu. Tangu kanuni za mwaka 2004, zile ambazo watu wamezizoea kama sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, matatu ndogo huchukua abiria 14 na kila mmoja hupaswa kufunga mshipi. Hata hivyo, kiwiko chako bado kiko ubavuni mwa mtu. Tumia sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa kamba laini ya plastiki, zenye urefu wa jumla wa sentimita 80. Utafuma nazo kwenda na kurudi kama sindano za kawaida, uzito wa kazi utalala mapajani, na sindano ikiteleza mkononi haitabingirika chini ya viti hadi miguuni pa dereva. Nunua jozi mbili: ya milimita 3.25 kwa kingo zote, na ya milimita 4 kwa mwili wa sweta. Za mianzi ni bora kwa barabara, kwa kuwa hushikilia vitanzi gari linaporuka. Za chuma hukimbia mno.

Mkobani weka donge moja tu la uzi, si madonge yote saba. Mkasi mdogo au kikata kucha. Kulabu ya krosheti ya kuokolea kitanzi kilichoanguka. Pini za usalama nne. Daftari dogo na kalamu. Donge likae ndani ya mfuko wake wenye kamba, uzi ukitokea kwenye tundu dogo, maana donge likianguka kwenye sakafu ya matatu siku ya mvua, rangi mliyokubaliana imekwisha kubadilika.

Hatua ya nne: kipande cha majaribio, nyumbani

Maneno yenyewe kwanza. Kitanzi laini ni kile kinachofumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano, na kinachoacha umbo la pembe upande unaokutazama. Kitanzi cha nundu hufumwa uzi ukiwa mbele, na huacha kinundu. Mwili wa sweta hii ni safu moja ya vitanzi laini, inayofuata ya nundu, hadi mwisho, na upande laini ndio uso wake.

Kwa sindano za milimita 4 anzisha vitanzi 30, fuma safu 40, funga, ufue kipande hicho kama utakavyofua sweta, ukilaze kikauke. Kisha pima katikati yake, mbali na kingo. Ndani ya sentimita 10 unatakiwa upate vitanzi 22 kwa upana na safu 30 kwa urefu. Ukipata vitanzi 24, unabana mkono: jaribu sindano nene zaidi, milimita 4.5. Ukipata 20, umelegeza: shuka hadi 3.5.

Watu huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza, nami siwezi kuwaunga mkono. Mkono unaofuma vitanzi 20 badala ya 22 utatoa sweta iliyozidi kwa karibu sentimita 11 kiunoni, na utaligundua hilo baada ya miezi miwili ya kazi. Kipande cha majaribio kinachukua jioni moja.

Hatua ya tano: hesabu, nyumbani

Chukua kifua, ongeza sentimita 8 za nafasi, gawanya kwa mbili, zidisha kwa 2.2, kisha ongeza vitanzi viwili vitakavyomezwa na mshono. Kwa kifua cha 100 tunapata 108, nusu yake 54, mara 2.2 ni 118.8, tuchukue 118, na viwili vya mshono ni 120. Ukiwa na kifua kingine, fuata njia hiyohiyo na uimalizie kwa namba inayogawanyika kwa mbili.

Nitaendelea kwa mfano wa kifua cha sentimita 100, urefu wa 66, kina cha kwapa 25 na upana wa mgongo 38. Urefu wa 66 ukitoa 25 unabaki na 41 kutoka pindo hadi kwapa. Sita kati ya hizo ni pindo, na 35 zilizobaki ni mwili ulionyooka. Kwa safu tatu kila sentimita moja, hizo ni safu 105, nasi tutafuma 106 ili tuishie upande unaofaa. Andika namba hizi zote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha upige picha ukurasa huo kwa simu.

Hatua ya sita: pindo, nyumbani

Kwa sindano za 3.25 anzisha vitanzi 120. Fuma kimoja laini, kimoja cha nundu, hadi mwisho wa safu, na uendelee hivyo kwa sentimita 6. Kuanzisha vitanzi 120 ndani ya gari ni kujitafutia maudhi; utafika cha 87, kondakta atakuomba nauli, na utaanza upya. Weka uzi wa rangi nyingine kila baada ya vitanzi 20 ili usihesabu mara mbili. Hamia sindano za milimita 4, fuma safu mbili za kwanza za mwili, na kazi iko tayari kwa barabara.

Hatua ya saba: mwili ulionyooka, njiani

Hii ndiyo kazi ya safari hasa. Safu laini kwenda, safu ya nundu kurudi. Haina hesabu ila idadi ya safu, na vidole vikizoea havihitaji macho.

Panga muda wako kwa namba za kweli. Nyumbani huenda ukafuma vitanzi 30 kwa dakika. Garini chukulia 20. Safu ya vitanzi 120 basi inakula dakika sita, na saa moja inatoa safu kumi. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni takribani kilomita 180, na katika hizo saa nne zinazofumika ni kama tatu. Kwa hiyo kila safari ya upande mmoja inakupa safu 30, yaani sentimita 10. Vipande viwili vyenye safu 106 kila kimoja vitahitaji safari saba za upande mmoja, ambazo kwa anayesafiri kila baada ya majuma mawili ni miezi miwili hivi. Ukianza Aprili, atavaa Juni.

Ondoka asubuhi. Matatu ya saa moja itakufikisha saa tano na mwanga wote ukiwa wako, ilhali ya alasiri itakukuta gizani kabla hujafika, kwa kuwa huku kwetu jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Chagua dirisha, na ikiwezekana mstari wa pili au wa tatu. Usifumie kiti cha mbele kando ya dereva: breki za ghafla na sindano karibu na kifua haviendi pamoja.

Barabara yenyewe haifanani kote. Kutoka Nakuru hadi Salgaa na miteremko inayofuata, kazi na ikae mkobani, sindano zikiwa zimechomwa ndani ya donge. Malori ni mengi, magari hupitana kwa pupa, na breki hutokea bila taarifa. Baada ya Mau Summit, pale njia ya Eldoret inapoachana na yako, toa kazi. Kipande cha Londiani hadi Kericho kina kona nyingi lakini ni kizuri kwa kufuma, na baridi yake hukausha vidole. Kwa mtu anayesikia kichefuchefu, dawa ni kutotazama sindano: elekeza macho kwenye majani ya chai, acha vidole vifanye safu laini, na uchungulie mwisho wa safu tu. Safu ya nundu ni ngumu zaidi kufuma bila kutazama, kwa hiyo jizoeze nyumbani taa zikiwa zimezimwa.

Ukishaanza kuteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero, hali hubadilika. Hewa inakuwa nzito, viganja vinatoa jasho, uzi wa akriliki unaanza kunata, na bila kujua unauvuta zaidi. Vitanzi vya Ahero huwa vimebana kuliko vya Londiani, na mstari wa mabadiliko hayo unaweza kuonekana kwenye kitambaa. Futa mikono kwa leso kila baada ya safu mbili, na kama joto limezidi, acha. Safu tano zilizopotea si hasara kuliko ukanda uliobana mgongoni.

Simama kila mara mwishoni mwa safu, kamwe si katikati, hata kama mtu anataka kupita. Kila safu mbili zikiisha, weka alama moja kwenye daftari. Ukishuka, andika tarehe na jumla, kisha piga picha ya kipande kikiwa kimelazwa juu ya daftari. Picha hizo hukuonyesha pale mkono ulipobana, nazo hukusaidia daftari likipotea. Baada ya muda utakuwa pia na mfululizo wa picha za kawaida kabisa, stendi ya Kericho wakati wa mvua, mkono wa mtoto wa jirani ukishika uzi, ambazo mume atazitaka uzitume zaidi ya hizo unazozipiga kwa makusudi.

Jitayarishe kwa majirani wa kiti. Mtu akifuma katika matatu huulizwa kama anauza, ni ya mtoto wa miezi mingapi, na kama anaweza kumfumia mtu vitambaa vya makochi. Jibu kwa upole bila kuacha kufuma. Safu iliyonyooka inavumilia mazungumzo, na ndiyo sababu nyingine ya kuiweka hapa.

Kitanzi kikianguka gari likiwa katika mwendo, usihangaike kukiokoa. Kichome pini ya usalama kisiendelee kufumuka, ufume hadi mwisho wa safu, na ukipandishe kwa kulabu gari litakaposimama.

Hatua ya nane: kujaribisha, mkiwa pamoja

Mgongo ukikaribia safu 100, mwite mwenyewe. Mwekee kipande mgongoni akiwa amesimama, pindo likiwa mahali anapolitaka, na uangalie kama ukingo wa juu unafika chini ya kwapa. Hapa ndipo kipimo cha daftari kinaposahihishwa na mwili. Akitaka sweta ndefu zaidi, ongeza safu sasa; safu sita ni sentimita mbili. Uandike badiliko hilo mara moja, kwa sababu kipande cha mbele lazima kifuate idadi hiyohiyo ya safu, wala si urefu wa kukadiria kwa macho.

Kwa upana, zungusha kipande kutoka mshono wa ubavu mmoja wa shati hadi wa pili. Kikiwa kifupi kwa zaidi ya sentimita mbili, afadhali kufumua mkiwa wawili kuliko kujifariji kwamba maji yatakirefusha.

Hatua ya tisa: makwapa na shingo, nyumbani

Mgongo kwanza. Funga vitanzi 8 mwanzoni mwa kila mojawapo ya safu mbili zinazofuata, vinabaki 104. Kisha, katika kila safu ya upande wa uso, punguza kitanzi kimoja kila ncha: fuma kimoja, kisha viwili pamoja kwa kuingiza sindano nyuma yake, endelea hadi vibaki vitatu, fuma viwili pamoja kwa mbele, na cha mwisho peke yake. Rudia mara kumi, ubaki na vitanzi 84, ambavyo ni sentimita 38 ulizopima. Fuma moja kwa moja safu 54, ili jumla tangu kwapa iwe 76. Sehemu hiyo ya safu 54 imenyooka, na unaweza kurudi nayo barabarani. Mwishoni usifunge: acha vitanzi 25 vya kila bega kwenye pini au uzi wao, na 34 vya kati kwenye uzi mwingine.

Kipande cha mbele hufuata mgongo hadi pale vitanzi vimebaki 104. Hapo vigawe 52 kwa 52, nusu moja ipumzike kwenye uzi. Katika nusu unayoifuma kuna kazi mbili zinazokwenda pamoja: upande wa kwapa unapunguza kimoja kila safu ya uso, mara kumi, kama mgongoni, upande wa shingo unapunguza kimoja kila safu ya nne, mara 17. Ondoa 10 na 17 kutoka 52, vinabaki 25, sawa na bega la mgongo. Mapunguzo ya shingo yanakula safu 68; ongeza sita zilizonyooka, jumla 74, ambazo pamoja na zile mbili za kufunga kwapa ni 76. Chora jedwali daftarini, safu moja kwa kila mstari, na ukate kila mstari unapoumaliza. Kazi hii haitaki redio, simu wala mume chumbani. Mwambie hivyo waziwazi, "nahesabu", na neno hilo liheshimiwe na nyumba nzima, maana anayeuliza chumvi iko wapi katika safu ya arobaini anaweza kugharimu jioni nzima.

Nusu ya pili ni ileile ikigeuzwa kushoto kulia.

Hatua ya kumi: kuunganisha

Laza mbele na nyuma uso kwa uso, weka vitanzi vya mabega kwenye sindano mbili sambamba, na kwa sindano ya tatu fuma kimoja kutoka kila upande kwa pamoja huku ukifunga. Bega linalounganishwa hivi halina mshono mnene wa kumkera chini ya mkanda wa begi.

Kwa sindano za 3.25 okota vitanzi vya shingo: vitatu kila safu nne, yaani 56 upande mmoja, 34 vya nyuma, na 56 upande wa pili, jumla 146. Fuma ukingo wa kimoja laini, kimoja cha nundu, kwa sentimita 3, ufunge kwa mkono mlegevu, kisha ulaze ncha moja juu ya nyingine kwenye pembe na uzishone. Kwa kila kwapa okota 128 na ufume sentimita 2.5. Mwisho shona mbavu kwa sindano butu na uzi uleule, ukiokota kijiti kimoja kati ya vitanzi kila upande, safu kwa safu. Kwa kuwa safu za mbele na za nyuma ni sawa, vipande vitakutana bila kuvutana.

Hatua ya kumi na moja: kufua na kukabidhi

Loweka sweta katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, usiisugue, usiisokote. Ibane maji ndani ya taulo, uilaze juu ya taulo jingine kivulini, na uivute polepole hadi ifikie vipimo vya daftari. Usiitundike kwenye kamba ikiwa imelowa. Uzito wa maji utairefusha hadi magotini. Ya akriliki isiguswe na pasi kabisa, kwani joto huua mvutiko wa pindo na haurudi. Ya sufu isiguswe na maji ya moto.

Kwa kuwa mwenye sweta hujifulia mwenyewe Kisumu, au humpa jirani amfulie, andika maagizo hayo matatu kwenye kipande cha karatasi ngumu na ukifunge kwa pini ya usalama ndani ya shingo siku ya kumkabidhi. Karatasi hiyohiyo iviringishie mita tano za uzi uliobaki. Mfuko wa shati una kalamu, kalamu huchoma sweta, na tundu dogo likishonwa siku hiyohiyo kwa uzi uliofuliwa pamoja na sweta yenyewe halionekani.